Huyo Guy ni Nani?

Shangazi yangu anajifunza kuoka keki kwa simu. Kila usiku baada ya Isha huiegemeza simu kwenye kopo la sukari, huvaa miwani yake, kisha humfuatilia binti mmoja wa Dar es Salaam anayepika mtandaoni kwa mikono myepesi na maneno mengi. Binti huyo huanza video zake zote vilevile: "Hi guys! Karibuni tena jikoni kwangu." Wiki ya tatu hivi shangazi akanigeukia, unga mkononi.

"Hivi huyu Gaizi ni nani?"

"Gaizi yupi, shangazi?"

"Huyu anayesalimiwa kila siku. Ni mumewe? Mbona sisi wengine hatusalimii? Na mtoto wa watu hata shikamoo hana."

Nikamweleza kwamba hicho ni Kiingereza, na maana yake ni nyinyi nyote mnaotazama. Akatikisa kichwa. "Hilo ni jina la mtu," akasema, akarudi kwenye mayai yake.

Mimi ninakula kwa kutafsiri Kiingereza, na bado shangazi alinishinda. Ni jina la mtu kweli. Mwenye jina, Guy Fawkes, alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, akabatizwa Aprili 1570, akapelekwa kwenye kitanzi London tarehe 31 Januari 1606 kwa kosa la kutaka kumlipua mfalme. Jinsi jina la mhaini huyo lilivyokuja kuwa salamu ya wapishi wa keki ni hadithi ndefu kidogo.

Jina lenyewe ni la kale kuliko yeye. Makabila ya Kijerumani yalikuwa na jina Wido. Wafaransa, ambao ndimi zao hazikuipenda ile "w" ya Wajerumani, wakaigeuza "gu" na kupata Gui, yaani Guy. Waitaliano wakapata Guido. Wanormani walipovuka kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, jina hilo lilikuwamo mizigoni mwao. Ndiyo maana ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, waliorithi Kifaransa, wana akina Guy tele mitaani na wanalitamka "Gi", bila kumfikiria mtu yeyote mwenye baruti. Na kwa wale mafundi wa minara na mahema: ile kamba ya kushikilia mlingoti, ambayo Waingereza nao huiita guy, haina undugu na huyu. Pengine imetokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kuongoza, zikafanana sura tu.

Guy Fawkes alizaliwa katika nyumba ya Kiprotestanti. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka minane, mama akaja kuolewa na Mkatoliki, na kijana naye akaishia kuwa Mkatoliki, katika nchi ambayo imani hiyo ilikuwa na bei. Asiyehudhuria ibada za kanisa la serikali alitozwa faini, na padri aliyekamatwa aliweza kuuawa. Fawkes akauza urithi wake, akavuka bahari, akapigana miaka kadhaa katika jeshi la Hispania kwenye nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji. Huko alijiita Guido, kwa madaha ya Kiitaliano, na huko aliijua baruti. Ujuzi huo ndio uliomrudisha nyumbani. Watu wengi hudhani njama ilikuwa yake, lakini kiongozi alikuwa Robert Catesby, bwana mwenye ardhi na hasira, ambaye kundi lake lilifikia watu 13. Walikusudia kusubiri siku ya kufunguliwa Bunge, Mfalme James akiwa chini ya paa moja na malodi na maaskofu wake, kisha walipue ghala lililokuwa chini ya sakafu yao. Fawkes alikuwa fundi wa kazi. Aliishi London kwa jina la John Johnson, akijifanya mtumishi wa mwenzao aliyelipanga ghala lile.

Tarehe 26 Oktoba 1605 lodi mmoja aitwaye Monteagle akapata barua isiyo na jina la mwandishi, ikimsihi asiende bungeni. Barua ikafika serikalini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, wapekuzi wakamkuta mtu ghalani akilinda rundo la kuni, na chini ya kuni mapipa 36 ya baruti. Jina? John Johnson. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alimuuliza baruti yote ile ni ya nini, naye akajibu kuwa ni ya kuwarusha Waskoti warudi kwao milimani. Mfalme mwenyewe alikuwa Mskoti.

James akaandika kibali cha mateso, waanze na mepesi wapande taratibu hadi yaliyo mazito. Mfungwa alibaki kuwa John Johnson kwa muda, kisha akavunjika. Karatasi za maungamo yake zipo hadi leo. Katika moja, aliyoisaini baada ya mateso, ameweza kuandika neno "Guido" tu, herufi zimetetemeka na kufifia kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Katika nyingine, ya siku chache baadaye, mkono umepata nguvu na jina limekamilika. Kila ninapozitazama picha za sahihi hizo mbili hunijia wazo lilelile. Huyu ndiye mtu aliyewapa mamilioni ya watu jina la kuitana, na yeye mwenyewe alilificha hadi alipolazimishwa kulitoa kwa maumivu.

Catesby hakufika kizimbani, alipigwa risasi tarehe 8 Novemba akipinga kukamatwa. Fawkes alihukumiwa adhabu ya wahaini, yaani kunyongwa bila kuachwa afe, kushushwa, kisha kukatwakatwa akiwa na pumzi. Akaruka ngazini au akaanguka, shingo ikavunjika, akawaponyoka kwa namna hiyo. Kwa nini basi jina lililobaki ni lake, na la bosi wake limesahauliwa na wote isipokuwa wanahistoria? Wahenga walishajibu: apatikanaye na ngozi ndiye mwizi.

Mwaka 1606 Bunge lililonusurika likapitisha sheria ya kumshukuru Mungu kila tarehe 5 Novemba, na sheria hiyo ikadumu hadi 1859. Kulikuwa na mahubiri asubuhi, kengele mchana, na usiku mioto mikubwa viwanjani. Moto mkubwa namna hiyo una njaa, unataka kitu cha kutupiwa. Hapo mwanzo, mara nyingi kilichotupwa kilikuwa sanamu la Papa. Pole pole, kadiri chuki ya dini ilivyopoa na watoto walivyoiteka sherehe kutoka kwa wakubwa, Papa akampisha Guy Fawkes. Watoto walichukua suruali na koti kuukuu, wakayajaza majani makavu na matambara, wakatengeneza uso wa karatasi, wakalivika sanamu kofia isiyolitosha, wakalizungusha mitaani kwa mkokoteni wakiomba peni moja kwa ajili ya Guy. Jioni likachomwa. Shule ya St Peter's mjini York huwasha moto siku hiyo bila kuchoma sanamu, maana Fawkes alisoma hapo, na wao hawaoni vyema kumchoma mwanafunzi wao wa zamani.

(Siku hizi fataki zimelizidi sanamu. Na fataki kwetu Tanzania ni neno lenye kisa chake. Kampeni moja ya redio dhidi ya watu wazima wanaowarubuni watoto wa shule ilimpa mhusika wake jina la Fataki, na haukupita muda kila mwanamume wa tabia hiyo akawa fataki, kwa herufi ndogo. Baruti ina mazoea na majina ya wanaume.)

Herufi ndogo ndiyo hatua ya kuitazama. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza walikuwa wameshaanza kusema "a guy", yaani guy mmoja miongoni mwa maguy, sanamu lolote la matambara. Jina limemkimbia mwenyewe. Lugha zote hufanya hivi. Abu Nuwas alikuwa mshairi halisi wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Katika hekaya zetu akageuka Abunuwasi mwenye hila, na leo ukimwita mtu Abunuwasi hakuna anayewaza ushairi wa Kiarabu. Kaisari alikuwa mtu, likawa jina la cheo. Na fundi gereji akipaza sauti "leta jeki!" anamwita Jack wa Kiingereza, jina la vibarua wote, ambalo Waingereza walilipa chombo kinachofanya kazi ya kibarua cha kuinua mizigo.

Kutoka kwenye sanamu, safari ya kumfikia mtu hai ilikuwa fupi. Kufikia miaka ya 1830, Mwingereza akikuita guy alikuwa anakutukana, kwamba umevaa ovyo, umekaa kama sanamu la kufukuzia ndege shambani. Kikapatikana hata kitenzi, na kum-guy mtu kukawa kumfanyia dhihaka. Laiti neno lingebaki Uingereza, huenda lingekufa hivyohivyo, tusi dogo la kizamani.

Lakini lilivuka Atlantiki. Kule makoloni ya Amerika, hasa Boston, tarehe 5 Novemba ilikuwa ikisherehekewa kama Siku ya Papa, kwa maandamano ya sanamu la Papa na la Shetani, na ngumi kati ya vikundi vya mitaa. Novemba 1775, vita vya uhuru vikiwa vimeanza, George Washington aliwapiga marufuku askari wake kumchoma Papa, akiita mchezo huo wa kijinga na wa kitoto. Hesabu yake ilikuwa ya kisiasa. Alikuwa anawataka Wakatoliki wa Kanada upande wake, na huwezi kumwomba mtu msaada huku unamchomea kiongozi wa dini yake. Baada ya uhuru sherehe ile ikafifia, kwani nani Marekani angeendelea kushangilia kunusurika kwa mfalme wa Uingereza?

Kwa hiyo neno guy lilipozoeleka katika lugha ya mitaa ya Marekani karne ya 19, lilikuwa limefika bila nguo zake. Hapakuwa na moto wala mkokoteni wala mtoto wa kuomba peni. Msikilizaji wa New York hakuwa na picha ya matambara kichwani, alisikia tu watu wakimwita mtu fulani guy. Tusi lisilo na picha huisha makali upesi. Katikati ya karne hiyo lilikuwa limeanza kumaanisha mwanamume yeyote, na karne ilipokaribia kwisha lilikuwa neno la kila siku la wauza magazeti, wacheza kamari na makarani. Waliobaki Uingereza waliendelea kulisikia kwa sikio la zamani. Mwandishi G. K. Chesterton alipozuru Marekani mara ya kwanza mwaka 1921, inasimuliwa kuwa mwandishi wa gazeti alimsifu kwa kumwita "regular guy", yaani mtu safi asiye na makuu. Mzee akanuna. Alisikia akiitwa sanamu la matambara, na kwa mwili wake ule na joho lake, pengine aliona kuna ushahidi.

Vijana wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa jinsi tusi linavyogeuka udugu. "Mchizi wangu" wanamwambia rafiki, na ndani ya neno hilo amekaa chizi, mtu aliyerukwa na akili, ametulia wala hamdhuru mtu.

Kwa mtafsiri wa filamu neno hili ni mwiba. Ukikutana na "bad guys" na "good guys", watazamaji wa vibanda vya video wanao msamiati wao, stelingi na maadui, nawe unapita salama. "Wise guy" ni mjuaji. "Fall guy" ni yule anayeangushiwa jumba bovu. Lakini "this guy" tupu, akisemwa na mpelelezi anayetazama picha ya mtuhumiwa? Huyu bwana? Huyu jamaa? Huyu mtu? Mara tisa kati ya kumi naandika jamaa, na kila nikiandika jamaa najua nimebadilisha kitu. Nitalirudia neno hilo.

Kwanza ile "s" ya mwisho, maana shangazi hakuuliza juu ya Guy, aliuliza juu ya Gaizi. Kiingereza kina tundu ambalo Mswahili hulishangaa. Sisi tuna wewe na tuna nyinyi, tuna njoo na njooni, na hakuna mtoto anayechanganya. Waingereza nao walikuwa hivyo. Mtu mmoja aliitwa "thou", wengi wakaitwa "ye" na "you". Kisha heshima ikaharibu mambo. Ikawa adabu kumwita mkubwa kwa neno la wengi, halafu ikawa salama kumwita kila mtu hivyo, na kufikia mwaka 1700 hivi "thou" ilikuwa imetoweka katika mazungumzo ya kawaida, ikabaki vijijini, kwa Waquaker, dhehebu moja la Kikristo, na kanisani. Kanisani ilikohifadhiwa zaidi ni katika Biblia ya mwaka 1611, tafsiri iliyoagizwa na mfalme yuleyule James mwaka 1604, mwaka uleule Catesby na wenzake walipoanza kukutana. Fawkes mwenyewe alikulia katika Kiingereza kilichokuwa na wewe na nyinyi.

Tundu likabaki wazi, na watu wakaanza kuliziba kwa walichonacho. Kusini mwa Marekani wakaunganisha "you" na "all", wakapata "y'all". Pittsburgh wana "yinz". Sehemu kubwa ya Marekani iliyobaki ikaokota neno la mtaani lililokuwa karibu, ikasema "you guys". Mwaka 1971 kipindi cha televisheni cha watoto, The Electric Company, kilianza kurushwa, na ndani yake mwigizaji Rita Moreno, mwanamke, alikuwa akipiga ukelele wa "Hey you guys!" hadi watoto wa nchi nzima wakauiga. Katika uchunguzi wa lahaja ulioongozwa na Bert Vaux mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wamarekani waliulizwa wanawaitaje watu wawili au zaidi kwa pamoja, na zaidi ya asilimia 40 walijibu "you guys". Jina la mtu mmoja lililoanza kwa kufichwa ghalani limekuwa kiwakilishi cha nafsi ya pili wingi, au linakaribia kuwa. Sijui neno jingine lililotoka mbali hivyo kuja kufanya kazi ya sarufi.

Sasa jamaa. Neno letu hili ni la Kiarabu kwa asili, na mzizi wake ni wa kukusanya. Ndio uliotupa Ijumaa, siku ya kukusanyika, na jamii, na jumuiya. Jamaa ni kundi. Mpaka leo Mwislamu anayeswali pamoja na wenzake anaswali jamaa. Kutoka kundi la watu likawa kundi la damu, jamaa zangu, ndugu wa ukoo, na kwenye maana hiyo ndipo Nyerere alipolichukua akajenga juu yake ujamaa, siasa iliyotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967. Kisha mtaani likapungua na kupungua mpaka likamfikia mtu mmoja, tena mtu usiyemjua. "Kuna jamaa amekuulizia." Jamaa gani? Sijui, jamaa tu. Si ndugu yako wala hana kundi.

Yaani maneno haya mawili yamepishana njiani. Guy lilianza kwa mtu mmoja mwenye jina, uso na sahihi, likaishia kwa umati. Jamaa lilianza kwa umati, likaishia kwa mtu mmoja asiye na jina. Nikiandika jamaa mahali pa guy, nimefika kituo kilekile kwa basi linalotoka upande wa pili.

Yanafanana pia kwenye jambo linalowagombanisha Wamarekani. Sema "jamaa mmoja alikuja" na kila msikilizaji atamwona mwanamume. Angekuwa mwanamke tungesema dada mmoja, mama mmoja. Lakini "jamaa zetu wa Pangani wamefika" ina mashangazi ndani yake, tena ndio wengi. Umoja wa kiume, wingi wa wote. Guy ni hivyohivyo. "A guy" ni mwanamume, "you guys" mnaweza kuwa wanawake watupu. Wako wanaolikataa hilo. Mwanasosholojia Sherryl Kleinman wa Chuo Kikuu cha North Carolina ameandika kwamba kuwaita wanawake kwa neno la kiume na kudai ni la wote ni kuwafanya wasionekane, akawashauri watu waseme "y'all". Hoja yake ni rahisi kuijaribu: ingia kwenye chumba cha wanaume na wanawake, uwasalimie wote kwa neno la kike, uone nyuso.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi hoja hii niliiona ya watu wenye nafasi. Lugha yetu haimuulizi mtu jinsia mpaka kuwe na haja. Amekuja, ameondoka, yeye, huyu, hayo yote hayajui mume wala mke, na mtu aliyelelewa humo huona ugomvi wa Waingereza kama ugomvi wa jirani juu ya ukuta. Halafu nikamsikia shangazi huyuhuyu akiongea na rafiki yake wa miaka arobaini, mke wa mtu na bibi wa wajukuu: "Ah, acha hizo bwana!" Bwana. Neno la mwenye nyumba, la mume, la Mungu mwenyewe, linarushwa baina ya bibi wawili kwenye mkeka, na hakuna anayegeuka kumtafuta bwana aliyeingia. Kwa hiyo nasi tunalo. Sisemi kwamba Kleinman amekosea. Nasema tu kwamba neno likishachakaa vya kutosha huweza kuwakaa watu ambao halikushonewa, na kwamba kuchakaa huko hakuendi kasi moja kwa kila anayelivaa. Mwanamke wa pekee katika ofisi ya wanaume kumi hulisikia tofauti na Rita Moreno.

Wakati jina likipoteza uso, uso ukarudi bila jina. Mwaka 1982 Waingereza wawili, mwandishi Alan Moore na mchoraji David Lloyd, walianza hadithi ya katuni, V for Vendetta, yenye mpinzani wa udikteta ambaye Lloyd alimvisha barakoa ya Fawkes yenye masharubu yaliyopinda na tabasamu. Filamu yake iliingia majumba ya sinema mwaka 2006. Miaka miwili baadaye barakoa hiyo ilikuwa imevaliwa mitaani na waandamanaji wa mtandao wa Anonymous, yaani Wasio na Jina, na mwaka 2011 ilikuwa katika maandamano ya Occupy dhidi ya mabenki na matajiri. Haki za sura ile zinamilikiwa na kampuni ya Warner, kwa hiyo kila barakoa halali iliyonunuliwa ili kuupinga ubepari ilipeleka mrabaha kwenye shirika kubwa la Kimarekani. Na Waingereza wenyewe, waliomchoma kwa karne kadhaa, walipopiga kura ya BBC mwaka 2002 ya kuwachagua Waingereza 100 wakuu wa nyakati zote, walimpa nafasi ya 30. Lakini kila Bunge linapofunguliwa rasmi, walinzi wa mfalme bado hushuka na taa kukagua maghala ya chini.

Nilimsimulia shangazi haya yote, si kwa mpangilio huu, na kwa kukatizwa mara nyingi. Mapipa ya baruti yalimgusa kidogo tu. Kilichomgusa ni mama yake Guy. Mama huyo alikuwa hai mwanawe alipochomwa? Nikasema hakuchomwa, alinyongwa, linalochomwa ni sanamu. "Kila mwaka?" Kila mwaka. Akanyamaza, akapangusa meza.

Kisha nikamuuliza yeye, kama mzaha wa kikazi: binti yule angetaka kusema Kiswahili kitupu, angesemaje? Hakufikiri hata kidogo. "Si angesema jamani!"

Hapo nikaona aibu, maana neno hilo nimelipita njiani maisha yangu yote. Jamani ni jamaa na ile "-ni" ya kuwaita wengi, ileile ya karibuni, asanteni na kwaherini. Jamaa mlio wengi. Lina kila kitu ambacho "you guys" inacho, lina wake kwa waume, na halikuhitaji kumnyonga mtu. Tena nalo limeanza kuchakaa kwa namna yake, maana siku hizi hata mtu aliye peke yake akiunguza maandazi husema "jamani!", akimwita nani hajui.

Jioni ile simu iliegemezwa kwenye kopo kama kawaida. Binti akatokea, kilemba cha manjano, mwiko mkononi. "Hi guys!"

"Marahaba," akaitika shangazi, akaongeza sauti.